Eti tundu la waya linaweza kupandisha moto ghorofa nane? Mtaalamu wa bima ametukatalia jengo

MtunzaFunguo · #1

Wakuu, habari za humu. Nisaidieni kabla sijaitwa mbishi na bosi wangu.

Nasimamia jengo la biashara katikati ya Dar, ghorofa 8. Chini maduka, katikati ofisi, juu kuna chuo cha kompyuta. Mitungi ya kuzimia moto ipo kila korido, kengele inalia, mipira ya maji ipo, ngazi mbili. Majuzi kampuni ya bima ikaleta mtaalamu wake. Hakugusa hata mtungi mmoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile chumba chembamba cha nyaya nyuma ya lifti, akamulika tochi juu, akamulika chini, akapiga picha weee, akaaga.

Ripoti imekuja. Matundu ya slabu (sakafu ya zege kati ya ghorofa na ghorofa) kwenye shafti, yaani hicho chumba cha nyaya kinachopanda jengo zima, hayajazibwa. Mabomba ya plastiki yamepita kwenye ukuta wa ngazi bila kola. Milango ya ngazi inazuiwa na tofali isijifunge. Bila marekebisho hakuna bima mpya.

Swali langu ni dogo. Jengo lote zege na tofali, na zege haliungui. Tundu lenyewe ukiingiza mkono linajaa. Moto unapenya vipi hapo? Au ni njia ya kumtafutia kazi shemeji yake anayeuza hizo dawa za kuziba?

Kibandahasara · #2

Nimeshakaa siti ya mbele na karanga zangu. Bila picha ya hicho chumba, uzi ni batili.

DriliKali · #3

Mleta uzi nakuunga mkono asilimia zote. Mimi ndiye ninayevuta nyaya za intaneti kwenye majengo hayohayo. Mteja anataka mtandao leo, natoboa, napitisha, nasepa. Sijawahi kuona oda ya kazi iliyoandikwa "ziba tundu". Moto wa majengo yetu ni shoti na majiko ya mama ntilie chini ya ngazi. Mshughulikie fundi umeme wako, matundu achana nayo.

ZegeHalilali · #4

MtunzaFunguo, zege haliungui, hilo halina ubishi. Lakini slabu na ukuta wa ngazi havikuwekwa hapo kwa sababu haviungui. Viliwekwa viufungie moto sehemu moja kwa muda unaojulikana, saa moja au mbili, watu washuke na zimamoto wafike. Muda huo haubuniwi mezani. Kipande cha ukuta kinajengwa mbele ya tanuru, tanuru linawashwa, na joto linapandishwa kwa mwendo uliokubaliwa kimataifa: nusu saa ni nyuzi 840 na ushee, saa moja 945, saa mbili 1,049. Ukuta unaofaulu hapo unafaulu ukiwa mzima. Ukija wewe na drili, ile karatasi ya majibu haikuhusu tena.

Sasa hilo tundu lako la "mkono unajaa". Si limejaa nyaya? Ganda la waya ni plastiki, moto ukifika linaisha, na tundu lililokuwa limebana linafunguka. Bomba la maji taka la PVC ndiyo balaa zaidi. Linalainika, linajikunja, linadondoka, unabaki na dirisha la inchi nne kati ya choo cha ghorofa ya tatu na cha nne. Kola aliyoitaja huyo bwana ni pete ya bati yenye dawa ndani inayovimba ikipata joto. Bomba likilainika dawa inalikaba mpaka panaziba kabisa. Hapo hamna shemeji.

AfandeMstaafu · #5

Vijana mnaongelea moto tu. Mimi nimefanya kazi ya uokoaji mpaka nikastaafu, na niliowatoa wakiwa wamekufa kwa moshi ni wengi kuliko waliokufa kwa kuungua. Moshi hauhitaji mlango. Unahitaji upenyo tu.

Kasomeni habari ya hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, Novemba 21, 1980. Moto ulianzia kwenye mgahawa wa chini ukala ukumbi wa kasino. Walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu kabisa, ambako ule moto wenyewe haukufika. Moshi ulipandia shafti za lifti, ngazi, na nafasi zilizoachwa kati ya sehemu za jengo kwa ajili ya tetemeko. Watu walikutwa vyumbani mwao na kwenye korido.

MtunzaFunguo · #6

Shikamoo Afande. Kibandahasara, picha zimegoma kupanda, naeleza kwa mdomo.

Nimefungua chumba cha ghorofa ya tano leo asubuhi. Upana wake mtu mmoja anaingia ubavu. Sakafuni kuna tundu la mraba, nyaya zinatoka chini zinakwenda juu kwenye trei. Za umeme nyeusi, za simu za zamani za kijivu ambazo hakuna anayezitumia, halafu utitiri wa za intaneti, njano, bluu, nyeupe. Ukiinama unaona mwanga wa duka la vitambaa la chini, kabisa. Aliyewahi kuziba alitumia mfuko wa simenti uliokunjwa, katoni, na foamu ya kopo, ile ya pinki. Foamu imeliwa na panya, imebaki kama jibini. Na juu ya katoni kuna chupa ya maji ya fundi na vipande vya kamba za plastiki.

Kwa hiyo nakubali ni pachafu. Ila bado sijashawishika kuwa ni hatari.

Kibandahasara · #7

Katoni, mfuko wa simenti na kamba za plastiki. Mkuu, hicho chumba hakijazibwa, kimewekewa kuni.

MamaMakadirio · #8

Hapo kwenye foamu ya pinki nataka niseme neno, maana kila eneo la kazi nalikuta kopo hilo na kila fundi ananiambia "ni ya moto, mama, soma kopo". Nimesoma. Na nimesoma cheti chake pia, ambacho fundi hajakisoma. Nyingi ya hizo foamu zimepimwa kwenye ufa mwembamba ulionyooka, mfano kati ya ukuta na fremu ya mlango, kwa upana na kina maalumu. Hazikupimwa kwenye tundu la mraba lenye trei na nyaya lukuki. Rangi ya pinki siyo cheti.

Na swali la nani alitakiwa kuziba, jibu liko kwenye BOQ (orodha ya kazi na bei za ujenzi). Mkadiriaji anaandika kipengele kimoja, "kuziba matundu ya huduma zote, jumla". Mkandarasi wa majengo anasema ni la umeme. Wa umeme anasema nyaya zangu ni robo tu ya hilo tundu, muulize wa AC. Wa AC anasema dakti yangu (njia ya hewa) ina kizuizi chake cha chuma chenye fyuzi ya kuyeyuka, mimi nimemaliza. Fundi bomba hakualikwa kikaoni. Jengo linakabidhiwa, tundu linabaki yatima.

DriliKali · #9

Mama nakuheshimu, ila simenti na mchanga vipo tangu enzi za babu. Changanya kavu kidogo, sindilia, maliza. Haiungui, bei ya soda. Kwa nini tuagize dawa kutoka Ulaya?

Msumeno wa Ilala · #10

Mbona Soko la Kariakoo lilikuwa zege tupu na liliungua likaisha lote 2020? Hayo matundu ya waya yalihusika nini? Moto ukiamua umeamua.

ZegeHalilali · #11

Msumeno, Kariakoo iliungua usiku wa Julai 10, 2021, na halikuisha. Lile zege la Beda Amuli la mwaka 1975 lilisimama, likakarabatiwa. Kilichoteketea ni mali za watu. Tena soko lile ni ukumbi mkubwa ulio wazi chini ya ile miavuli ya zege, hakuna vyumba vya kuufungia moto, kwa hiyo mfano hauingii hapa hata kidogo. Soko lililoteketea vibaya baadaye ni Karume, Januari 2022, na vile vilikuwa vibanda.

DriliKali, simenti ina mahali pake. Kanuni za Marekani zinaruhusu zege au groti (uji wa simenti) kuzunguka bomba la chuma au shaba lisilozidi inchi 6, mradi ijae unene wote wa ukuta. Bomba la chuma haliyeyuki, kwa hiyo hakuna nafasi inayozaliwa. Lakini simenti haivimbi. Ganda la waya likiungua, simenti inakaa inatazama tundu. Na kesho ukija kuongeza waya wako utafanyaje?

DriliKali · #12

Natoboa pembeni.

Kibandahasara · #13

😂😂😂 Kesi imefungwa.

Pwani Mchangani · #14

Mimi nadhani Zege anakuza upande mmoja. Hata ukiziba vizuri ukapata hiyo saa mbili, kuna suala la joto kupita kwenye shaba yenyewe. Nyaya nene za umeme zinabeba joto upande wa pili hata kama mwali haupiti. Ndiyo maana vyeti vya Ulaya vina herufi mbili, E kwa mwali na gesi za moto, I kwa joto. Unaweza kuwa na E ya dakika 120 na I ya dakika 60 kwenye tundu hilohilo. Sasa kama kuna katoni limeegemea nyaya upande wa juu, umeziba kazi bure. Kwa maoni yangu tatizo la kwanza la jengo hili ni takataka zilizomo shaftini. Matundu yanafuata.

AfandeMstaafu · #15

Takataka ziondoke leo, bila kusubiri kikao. Hilo halihitaji mtaalamu.

MtunzaFunguo · #16

Zimeondoka, zimejaza magunia.

Sasa sikilizeni. Nimefanya jaribio langu. Mchana huu nimewasha udi ghorofa ya tano, nikausogeza kwenye mdomo wa tundu. Afande anasema moshi unapanda. Moshi wa udi wangu umeshuka! Umevutwa chini kama umeitwa. Nikarudia ghorofa ya sita, vilevile. Kama hewa ya shafti inashuka, moto wa chini utapandaje juu? Mtaalamu wa bima hakupima hilo.

Pwani Mchangani · #17

Hiyo ni AC. Ndani kwenu nyuzi 23, nje 32. Hewa baridi ni nzito, inashuka shaftini na kutokea chini kwenye maduka yaliyo wazi. Nchi za baridi ni kinyume, wao hewa inapanda kwa sababu ndani kuna joto kuliko nje.

MamaMakadirio · #18

Au ni feni ya kunyonya hewa ya maegesho ya chini. Mnayo? Kama ipo na inafanya kazi mchana, inanyonya kutoka kila upenyo wa jengo.

DriliKali · #19

Lifti ikishuka inavuta hewa. Muulize alifanya jaribio lifti ikienda wapi.

Msumeno wa Ilala · #20

Upepo wa bahari. Jengo likitazama Kivukoni mchana upepo unaingia madirisha ya juu.

ZegeHalilali · #21

Inaweza kuwa yoyote kati ya hizo, au zote. Lakini haijalishi kwa hoja yake. Moto wa dukani unatoa hewa ya nyuzi mamia, ile baridi ya AC haina ubavu wa kuishusha. Na moto ukipiga kengele AC zinatakiwa zizime. MtunzaFunguo, rudia usiku jengo likiwa limefungwa, halafu uje.

wa_Makadara · #22

Kabla hajarudia, mwambieni asije akatumia mshumaa badala ya udi. Kuna kisa maarufu mno. Machi 22, 1975, kituo cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, Alabama. Mafundi walikuwa wakitafuta upenyo wa hewa pale nyaya zinapopita ukutani kutoka chumba cha nyaya kwenda jengo la kinu. Kifaa chao kilikuwa mshumaa. Mwali ukiyumba, pana upenyo, paongezewe foamu. Foamu yenyewe ilikuwa ya polyurethane, plastiki inayoungua. Hewa ikauvuta mwali ndani ya tundu, foamu ikashika, moto ukakimbilia upande wa pili wa ukuta kando ya nyaya. Uliwaka kwa muda wa saa saba hivi na kuharibu nyaya zaidi ya 1,600, zikiwemo zinazoendesha mitambo ya usalama ya kinu. Hakuna aliyekufa, lakini kanuni za moto kwenye vituo vyote vya nyuklia vya Marekani ziliandikwa upya baada ya hapo.

Yaani moto ulitokana na kazi ya kuziba matundu, kwa kitu kilichodhaniwa ni kizibo.

Kibandahasara · #23

Kumbe hata wanaotengeneza nyuklia wana DriliKali wao.

DriliKali · #24

Nimekaa kimya lakini nakuona.

wa_Makadara · #25

Na mwezi mmoja kabla, Februari 13, 1975, jengo la kaskazini la World Trade Center, New York. Moto ulianzia ghorofa ya 11 usiku, ukasambaa ghorofa kadhaa kupitia matundu ya nyaya za simu kwenye slabu. Mleta uzi alitaka ushahidi wa tundu la waya, ushahidi ndio huo. Slabu zilikuwa zege pia.

Msumeno wa Ilala · #26

Hilo si lilianguka 2001?

wa_Makadara · #27

Hilohilo. Miaka 26 kabla. Usituhamishie mada ndugu yangu.

Bint Makunduchi · #28

Hodi. Mie nipo Dubai, kampuni ya kumalizia ofisi, na kazi yangu hasa ni haya mnayobishania. Huku kila tundu lina kibandiko chake: namba, tarehe, dawa iliyotumika, jina la aliyeziba. Picha inapigwa kabla na baada. Dawa yenyewe lazima iwe imekubaliwa na Ulinzi wa Raia, yaani zimamoto wa huku, ukija na kopo la dukani unarudishwa getini. Na anayetaka kutoboa ukuta wa moto anaomba kibali. Akitoboa bila kibali, anayeziba ni yeye na anayelipa ni yeye.

Kwa shafti kama ya ndugu yetu, ambayo kila mwezi anakuja mtu na waya mpya, tunatumia mito. Vifuko vyenye dawa inayovimba, unavipanga mmoja juu ya mwengine kama matofali mpaka tundu linajaa. Ukitaka kupitisha waya unachomoa kimoja, unapitisha, unarudisha. Sehemu zisizoguswa unakata bodi ya pamba ya mawe (nyuzi za mawe zilizoshindiliwa) iliyopakwa rangi yake, unaibana, kingo unapaka masitiki (dawa laini ya kuzibia). Haitaki ufundi mkubwa. Inataka ustahamilivu.

Kibandahasara · #29

Dubai hiyohiyo ambayo hoteli iliwaka mkesha wa mwaka mpya dunia nzima ikaona laivu?

Bint Makunduchi · #30

Nilijua litakuja. Ile ni Address Downtown, Desemba 31, 2015. Na jengo la Torch limewaka mara mbili, 2015 na 2017. Lakini tazama vizuri, moto ulipanda nje, kwenye yale mapaneli ya alumini yenye plastiki katikati. Ndani ya jengo ukuta ulifanya kazi yake, watu wakashuka. Ndiyo maana hadithi za huku zina picha za kutisha na vifo vichache.

Pwani Mchangani · #31

Na palipo kinyume ni Grenfell, London, Juni 14, 2017. Ghorofa 24, watu 72. Mapaneli ya namna hiyohiyo nje, lakini na ndani milango ya moto haikushikilia, na vile vizuizi vinavyotakiwa kuwekwa katika nafasi kati ya paneli na ukuta vilikuwa na kasoro au havikuwepo madirishani. Moshi ukaingia kwenye ngazi, nayo ilikuwa moja tu.

Ukipita Posta na Upanga hesabu majengo yaliyovishwa alumini. Sisemi zaidi.

MamaMakadirio · #32

Hebu turudi kwenye milango maana mleta uzi ameipita haraka. Mlango wa moto una nafasi ya kama milimita 3 pande zote, una utepe unaovimba kwenye kingo, una mkono wa kujifunga. Ukiweka tofali chini, vyote hivyo ni pambo. Ghali kuliko kitu chochote kwenye ile ngazi, na kinashindwa na tofali la inchi sita.

Najua kwa nini wanaweka tofali. Joto, na wabeba mizigo mikono imejaa. Dawa yake ipo: sumaku ya ukutani iliyounganishwa na kengele. Mlango unakaa wazi siku nzima, kengele ikilia sumaku inaachia. Siyo bei mbaya ukilinganisha na bima kukataa.

AfandeMstaafu · #33

Kuna jengo moja tuliitwa, jina nalihifadhi. Moto wa stoo ndogo ya viatu ghorofa ya kwanza, tuliuzima haraka. Nilipanda ngazi kuhakikisha. Kila mlango wa ngazi ulikuwa wazi na kigingi chini. Ukuta wa ngazi mpaka juu kabisa mweusi kuanzia kiunoni, umenyooka kama umepigwa rula. Watu walikuwa wamejifungia ofisini wakaweka mataulo mlangoni, ndiyo pona yao. Waliojaribu kushuka kwa ngazi ndio tuliowabeba.

Nasema hivi kwa wanaodhani ngazi mbili zinatosha. Ngazi iliyo wazi ni bomba la moshi tu.

Tajiri Mtarajiwa · #34

Nimesoma uzi wote. Swali la mfukoni: analipa nani? Mwenye jengo atasema wapangaji ndio waliotoboa. Mpangaji atasema nililipia intaneti, sikulipia tundu. Sheria yetu inasemaje?

ZegeHalilali · #35

Tanzania kuna Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007, Sura ya 427. Ukaguzi na cheti vimo humo, na mwenye jengo ndiye wa kwanza kuulizwa. Kumbebesha mpangaji ni suala la mkataba wako na yeye.

wa_Makadara · #36

Kenya ziko Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007, tangazo namba 59, mwajiri anatakiwa kukaguliwa usalama wa moto kila mwaka. Ila mkaguzi akija mara nyingi anatazama mitungi na alama za kutokea, mambo yanayoonekana. Yaliyo juu ya siling bodi hayatazami. Na huko juu ya siling bodi ndiko kuta zinakoishia njiani. Umepata kuona? Ukuta wa jipsamu kati ya ofisi mbili unapanda mpaka siling, ukifungua bodi moja ukatia kichwa, unaona ofisi tano zote zimekuwa chumba kimoja cha popo.

MtunzaFunguo · #37

Hilo la siling bodi nimekwenda kutazama, bora nisingetazama. Linaongezwa kwenye orodha.

Jaribio la usiku. Maduka yamefungwa, AC zimezimwa, feni ya maegesho imezimwa (Mama, ndiyo, tunayo). Nimewasha udi ghorofa ya pili ndani ya chumba cha nyaya, nikafunga mlango. Mlinzi nilimweka ghorofa ya saba koridoni, sikumwambia kitu. Akanipigia simu mwenyewe: "Bosi, kuna mtu anafukiza huku juu." Ghorofa ya nne hakukuwa na harufu.

MamaMakadirio · #38

Kwa hiyo ilikuwa feni. Nilisema.

Pwani Mchangani · #39

Feni na AC zote zilizimwa, utajuaje ni ipi? Usiku jengo limebaki na joto la mchana, nje kumepoa, hewa inapanda. Na ghorofa za katikati hazipati harufu kwa sababu pale msukumo wa ndani na nje unalingana, moshi unapita tu bila kutoka. Ni AC.

Msumeno wa Ilala · #40

Usiku upepo wa bahari unageuka unatoka nchi kavu. Nami nilisema.

DriliKali · #41

Na lifti usiku haitembei. Mimi nasubiri mtu aniambie nimekosea wapi.

AfandeMstaafu · #42

Mnagombania sababu, na mlinzi wa ghorofa ya saba amenusa udi wa ghorofa ya pili. Mimi ningeanza kuziba kesho, ubishi uendelee wakati bodi zinakatwa.

ZegeHalilali · #43

Naungana na Afande, ila kwa mpangilio. Anza na shafti, kila slabu. Sehemu ya juu ya kila tundu weka mito kwa nyaya za intaneti, na bodi na masitiki kwa za umeme. Halafu kola za mabomba, upande wa chini wa slabu, na kwenye ukuta pande zote mbili, kwa sababu ukutani hujui moto utatokea upande gani. Nyaya zilizokufa zitolewe kwanza, usizibe maiti. Na mlango wa chumba cha nyaya uwe na kufuli, funguo moja, iwe kwako. Jina lako lenyewe linasema.

DriliKali · #44

Sasa nikija na oda ya mteja saa kumi jioni?

MtunzaFunguo · #45

Utasaini daftari, utaacha amana, ukimaliza nakagua mito imerudi, nakurudishia hela yako.

DriliKali · #46

Amana?? Kwa kuvuta waya mmoja? Kampuni yetu haitakubali, wala nyingine yoyote mjini. Mtakaa bila intaneti.

Tajiri Mtarajiwa · #47

Hapa ndipo uzi ulipokuwa unakuja tangu mwanzo. Wapangaji wakikosa mtandao wiki moja wanahama, na mwenye jengo atavunja hiyo kufuli mwenyewe.

Bint Makunduchi · #48

Huku walisema hayohayo. Kisha jengo la jirani likafanya, na la pili, wakakosa pa kukimbilia. Lakini huku yupo anayepiga faini. Kwenu atakuwa nani?

MamaMakadirio · #49

Bima. Ndiyo iliyoanzisha uzi huu.

Ba Nyali · #50

Samahani kwa kuchelewa, na asanteni kwa darasa. Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kuna nyumba za mawe ya matumbawe zimegeuzwa maduka chini na ofisi juu. Sakafu ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Fundi wa AC ametoboa katikati ya boriti mbili, bomba la shaba limepita na gamba lake la sponji jeusi. Hiyo chokaa inamomonyoka ukiigusa. Bodi haibani, masitiki haishiki. Yupo aliyewahi kuziba tundu la namna hii?

ZegeHalilali · #51

Boriti zenyewe zinaungua, kwa hiyo hapo hakuna slabu ya kuipa saa mbili hata ukiziba. Anza kwa kutazama kama siling ya jipsamu ya moto inaweza kufungwa chini yake bila wahifadhi wa mji kukufungia kazi. Na huo sponji mweusi utolewe pale unapopita tundu, ni kuni.

Pwani Mchangani · #52

Sikubaliani. Chokaa na matumbawe ya unene ule yanashikilia vizuri tu, tatizo ni ncha za boriti zinapoingia ukutani.

Kibandahasara · #53

Ba Nyali fungua uzi wako, huu umeshazidi kurasa na karanga zimeniishia. Niiteni huko.